Jogoo wa Miiba

Ukitaka kumuudhi Zulekha, mwambie kwamba kaktasi ni mmea usiohitaji kuangaliwa. Atakuacha umalize, atajifuta mikono kwenye leso yake, kisha atakuuliza kama na wewe ulikua bila kuangaliwa, maana ndivyo unavyoongea. Mimi ni jirani yake, nyumba zetu zinagawana ukuta mmoja hapa Kinondo, na nimeshawaona wanunuzi wengi wakiondoka pale wamenywea, na mche wamebeba.

Kitalu chake kiko mbele ya nyumba, ukingoni mwa barabara ya vumbi. Vyungu vya kupendeza usivitafute kwake. Utakuta madumu yaliyokatwa, makopo ya rangi, beseni zilizopasuka, viatu vya mvua vya marehemu mumewe, na choo cha kukalia kilichotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa. Hicho choo kimepandwa mpungate, na hunawiri kuliko vyote. Wageni wa hoteli husimamisha tuktuk kukipiga picha, wakacheka, na Zulekha huwaangalia tu kama anayeangalia watoto wa watu.

Mchanga wake hutoka mtoni, si ufuoni. Kosa la kwanza la kila anayeanza hapa kwetu ni kuona bahari iko mlangoni, akachota mchanga wa bure. Chumvi humaliza mizizi kimyakimya, na mwenyewe akabaki kulaumu kijicho cha jirani. Zulekha huuchanganya ule wa mtoni na kokoto ndogo, chenga za makaa na samadi ya mbuzi iliyokauka. Tawi akilikata, halipandi siku ile. Hulilaza kivulini mpaka kidonda kifunge, maana kidonda kibichi kikiingia udongoni huoza, na kikioza hunuka hata mpita njia akaziba pua. Maji nayo huyatoa kwa mkono wa birika, kidogo kidogo.

"Hawa hawafi kwa kiu," hupenda kusema. "Hufa kwa kupendwa ovyo."

Katika mimea yote ile, mmoja ndio uliokuwa roho yake. Mchunga mbuzi wa upande wa Kinango, Mduruma aitwaye Chome, ndiye aliyemletea zamani tawi dogo la mmea wa miiba unaoota kwenye majabali ya kwao, ule wenye utomvu mweupe unaounguza macho. Tawi lenyewe lilikuwa na ajabu yake. Badala ya kunyooka kama wenzake, ncha yake ilikuwa imepanuka na kujikunjakunja kama kishungi cha jogoo. Chome alisema katika maisha yake ya kuchunga hakuona jingine. Mmea wa namna ile hujitokea tu, na mbegu yake haizai mfano wake. Ukiupoteza, umeupoteza.

Zulekha aliupanda kwenye sufuria kubwa ya pilau ya mama yake mzazi, iliyokuwa imetoboka kitako. Akauita Jogoo. Kishungi kilikua taratibu, mwaka huu upana wa kiganja, mwaka ule upana wa sahani. Kulikuwa na pengo upande mmoja, mahali alipong'atwa na mbuzi aliyeingia uani, na Zulekha akamtia jivu na kumkalia kama mgonjwa. Mbuzi yule, nasikia, alitoka mate siku nzima, na hakuna aliyemhurumia.

Jogoo hakuuzwa, wala kipande chake hakikutolewa. Watu walikuja kumtazama, wakanunua wengine. Na sisi tulimtania Zulekha: "Jogoo la shamba haliwiki mjini. Hebu mpeleke hotelini tumsikie!"

"Huyu akiwika," alikuwa akijibu, "atawikia hapa hapa."

Sasa nimseme Bushra, na mnisamehe ikiwa ulimi wangu utakuwa mkali, kwa sababu hasira yangu haijapoa.

Bushra na Zulekha walisoma chuo kimoja cha Kurani, wakatobolewa masikio siku moja, wakaolewa msimu mmoja. Mmoja akipika, mwengine alikuwa na sahani yake. Kazi ya Bushra ilikuwa kupaka hina wageni wa hoteli kule Diani, na mkono wake, nitamnyima mengi lakini hili sitamnyima, ulikuwa mkono wa hina kweli. Ule mwaka wa maradhi hoteli zilipofungwa, wageni wakapotea na hina ikamkaukia bakulini. Zulekha hakungoja kuombwa. Alimpeleka kitaluni na kumwambia, "Kaa hapa, shoga yangu. Kinachonilisha mimi kitakulisha na wewe."

Akamfundisha. Jinsi ya kushika miiba kwa gazeti lililokunjwa, jinsi ya kukata bila utomvu kurukia jicho, jinsi ya kugonga dumu kwa kidole na kujua ndani kuna unyevu au pakavu. Mambo ambayo hata binti yake Waridi hakuyapata, Bushra aliyapata. Wahenga walisema mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Lakini nani huwa anawakumbuka wahenga anapokuwa na rafiki?

Mwaka juzi Waridi alijifungua kule Shimoni alikoolewa, na Zulekha akaenda kumlea mpaka atoke arobaini, kama kila mama wa kwetu afanyavyo. Masika yalikuwa ndiyo yameanza. Siku ya kuondoka alimkabidhi Bushra ufunguo wa uani mbele yangu.

"Vyote hivi ni amana kwako," alisema. "Vingine vikiharibika ni kazi ya Mungu. Huyu Jogoo, mvua ikizidi, mtie upenuni."

"Nitamtia chumbani kwangu nilale mimi nje," alijibu Bushra, tukacheka sote.

Mimi msiniulize niliona nini. Siku nyingi za mvua ile nilikuwa Kwale mjini kwa ndugu yangu, na niliporudi nilikuta sufuria iko upenuni imefunikwa gunia. Zulekha naye aliporudi na mizigo yake, Bushra alimpokea kwa kilio. Alilia mpaka akakaa chini. Alisema mvua ilikuja na upepo usiku mmoja, ikamlowesha Jogoo ndani ya upenu, akaoza kuanzia shinani, na alipomgusa akamvunjikia mikononi. Akafunua gunia. Ndani ya sufuria mlikuwa na tope jeusi na vipande vilivyolainika.

Zulekha aliinama akanusa, kwa mazoea ya kazi yake. Nilimsikia akisema, "Mbona hainuki?" Halafu akajijibu mwenyewe: "Mvua itakuwa imeosha." Akamwinua Bushra, akampangusa machozi kwa ncha ya leso yake, akamwambia mmea ni mmea, mtu ni mtu. Kumbuka ni yeye aliyefiwa. Kwa muda mrefu baadaye nilimwona akipita karibu na ile sufuria tupu bila kuitazama. Hakupanda kitu ndani yake.

Haikupita miezi mingi, Bushra akapata kazi ya kutengeneza bustani ya mimea ya ukame kwenye hoteli moja upande ule unaotazamana na kisiwa cha Chale. Alisema ni bahati tu, meneja amemsikia kwa watu. Zulekha alifurahi kuliko mwenye kazi. Alimchagulia miche, akampa vijana wa kubeba, akamwonyesha kwa kuchora mchangani namna ya kuinua tuta ili maji yasisimame. Kila alipotaka kwenda kuiona bustani yenyewe, Bushra alikuwa na udhuru: mara wenye hoteli hawapendi watu kuingia, mara kuna wageni wakubwa, mara bado haijapendeza. "Ngoja iwe tayari, nikupeleke kama bibi harusi," alisema. Na shoga yangu akangoja.

Kazi ile ndiyo iliyompa Bushra nauli ya Umra.

Wasiotujua niwaeleze. Kwetu mtu akienda Hija au Umra hafungi sanduku tu. Huzunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi, kwa sababu hawezi kusimama mbele ya nyumba ya Mungu na haki za watu shingoni. Na anayeombwa haulizi. Husamehe, naye huomba asamehewe, na wote waliopo huitikia amin. Ndivyo tulivyokuta, na sijawahi kusikia mtu aliyekataa.

Kwa Zulekha alifika mwisho. Palikuwa na wanawake kama saba hivi uani, mimi niko kwenye kibao cha mbuzi nakuna nazi. Bushra aliingia na buibui jipya, akapiga magoti mbele ya rafiki yake.

"Zulekha, shoga yangu, nimekuja kuomba radhi. Nilichokukosea kwa kujua na kwa kutojua, cha siri na cha dhahiri, nisamehe."

Zulekha alicheka. "Umenikosea nini wewe? Labda zile chapati ulizoniunguzia siku ya Idi."

"Usifanye mzaha. Tamka."

"Haya, nimekusamehe."

"Cha siri na cha dhahiri. Sema."

"Cha siri na cha dhahiri. Nimekusamehe dunia na akhera. Na wewe unisamehe mimi."

Bushra akamkumbatia akalia kwa sauti. Sote tukaitika amin, na mimi mwenyewe machozi yalinitoka yakachanganyika na nazi. Nikikumbuka leo natamani ningeichukua ile mbuzi nikamkuna yeye.

Alipokuwa bado Makka, akaja kitaluni kijana mmoja, Katana, Mgiriama wa upande wa Kilifi, mtunza bustani mpya wa hoteli ile ya upande wa Chale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimeelekezwa kwako. Fundi wetu amesafiri, na kuna mmea wetu mkubwa, ule wa sifa, umeanza kuota pembe. Unatoa vijiti vilivyonyooka katikati. Meneja anaogopa utaharibika."

Zulekha aliweka birika chini. Alijua maana yake. Mmea wa kishungi ukiachwa, huanza kutoa matawi yaliyonyooka kama ya wenzake wa porini, na matawi hayo huwa na nguvu kuliko kishungi. Usipoyakata mapema, kishungi hufa njaa. Aliniambia baadaye kwamba alipofunga mlango na kumfuata Katana, alikuwa anajiambia huenda Chome alipata tawi jingine kule majabalini, akawauzia watu wa hoteli. Alikuwa anamtafutia Bushra udhuru hata kabla ya kumshtaki.

Bustani ilikuwa nzuri, alisema. Tuta limeinuliwa vile vile alivyochora mchangani. Na katikati, kwenye chungu cha saruji kilichopakwa rangi nyeupe, yupo Jogoo. Alimtambua toka getini. Hata hivyo alikwenda mpaka karibu, akakizunguka kile chungu, akaliona lile pengo.

"Hapa pamekuwaje?" alimuuliza Katana. Hakuwa anauliza. Alitaka kusikia.

"Bi Bushra alituhadithia. Alipewa kitawi na mchunga mbuzi wa Kinango, akakilea tangu kikiwa kidole. Halafu siku moja mbuzi akaingia uani akaking'ata. Akakitibu kwa jivu, akakikalia kama mgonjwa. Meneja huwasimulia wageni kila wakija."

Zulekha anasema kuchukuliwa mmea kulimuuma, lakini hapo ndipo alipoumia zaidi. Mwenzake alibeba na miaka yake. Alibeba hata mbuzi. Aliegemea kile chungu na miiba ikamchoma kiwiko, na hakusikia.

Angeweza kupiga kelele pale pale. Mimi ningepiga, wakanisikia mpaka Chale kwenyewe. Yeye aliomba kisu na jivu. Aliyakata yale matawi yaliyonyooka, moja moja, chini kabisa, akafuta utomvu kwa gazeti, akapaka jivu kila kidonda. Katana akamwambia, "Mama, naona huu umeuzoea."

"Niliwahi kuuona mahali," alisema Zulekha.

Nilimuuliza mbona alimtibu. Alinitazama kana kwamba nimesema upuuzi. "Mmea haukunikosea," alinijibu. Na kumtaja Bushra kwa meneja hakuweza, kwa sababu mtu yuko mbele ya Kaaba, na yeye hakulelewa kumsengenya mtu aliye mahali pale.

Lakini usingizi ulimkimbia. Alikwenda kwa Maalimu Tofiki, anayesomesha chuo chetu, akamuuliza: mtu akitoa radhi kwa jambo asilolijua, radhi ile imemfunga? Maalimu alichezea tasbihi. Akamwambia wanavyuoni wamelizungumza hilo kwa marefu, na kwamba mali yake ni haki yake, akitaka aidai na yeye atasimama naye. "Lakini niambie, unataka mmea, au unataka yule dada aaibike?"

"Sitaki hata kimoja," alisema Zulekha. "Nataka kujua kama alijua. Siku ile amepiga magoti, ananihimiza nitamke, alikuwa ananiomba radhi kama watu wote wanavyoomba, kwa ada tu? Au alikuja kuichukua radhi hiyo, kama alivyomchukua Jogoo?"

Kama Bushra aliomba kwa ada tu, basi alikuwa mwizi aliyepitiwa na tamaa, na mwizi huweza kusamehewa. Nilimwona Zulekha akiishikilia njia hiyo kwa mikono miwili. Siku zote za kumngoja arudi, aliniambia mara nyingi, "Huenda hata hakukumbuka."

Bushra alirudi. Nyumba yake ikajaa. Tulikaa kwenye mikeka, tende zinapita, maji ya zamzam yanamiminwa kwenye vikombe vidogo, na yeye katikati, amevaa nyeupe, uso unang'aa. Watu walimwita Hajjati, ingawa ilikuwa Umra, na hakuwasahihisha. Mimi nilikwenda kwa sababu Zulekha alinibembeleza. Yeye mwenyewe alichelewa.

Aliingia akiwa amebeba ile sufuria ya mama yake, ameisugua mpaka imemeta, tobo linaonekana kitakoni. Hata salamu alikuwa bado hajatoa. Alisimama pale kizingitini na sufuria mikononi, na mazungumzo yakapungua, maana watu walidhani ameleta chakula.

Bushra aliitazama sufuria. Rangi ikamtoka usoni. Kisha akasema, haraka, kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni:

"Zulekha, ulinipa radhi. Mbele ya watu. Wote walisikia."

Hakuna aliyekuwa amemshtaki. Katika mkutano ule wote, mbali na mimi, hakuna aliyejua chochote. Wanawake walitazamana, mmoja akabaki na tende mdomoni. Na mimi nilimwangalia shoga yangu, nikaona kile alichokuwa amekishikilia siku zote zile kikimtoka. Alikuwa amejitayarisha kusikia uwongo. Angeambiwa, "Sufuria ya nini hiyo?" nadhani angerudi nyumbani akalia na maisha yakaendelea.

"Nilikupa," alisema. "Na sitaivunja."

Binti mmoja asiyejua linaloendelea alimletea kikombe cha zamzam. Nilidhani atakikataa. Alikipokea, akaelekea kibla, akanywa kwa heshima zote, akakirudisha. "Maji hayakunikosea," alimwambia yule binti, ambaye hakuelewa. Akaiweka sufuria kizingitini, akatoka. Bushra alimwita kwa jina mara mbili, lile jina la utotoni walilokuwa wakiitana wao wawili tu, na Zulekha hakugeuka.

Mambo mengine yalijisema yenyewe, kwa sababu uswahilini mambo hujisema. Katana alipata habari, na siku moja akaja na kipande cha kishungi kimefungwa kwenye gazeti, meneja amekubali kikatwe. Alitaka pia kujua kama hadithi ile waibadilishie mwenyewe. Zulekha alisema wasijisumbue. Alikilaza kile kipande kivulini mpaka kidonda kilipofunga, akakipanda kwenye kopo la rangi. Kimeshika. Sasa kina upana wa vidole viwili, na hakukipa jina.

Bushra bado anaishi nyumba ya tatu kutoka msikitini. Wakikutana njiani Zulekha huitikia salamu yake, maana salamu ni faradhi kuitikia, kisha hupita.

Mwezi uliopita jirani yetu mmoja, mtu mwema asiye na neno na mtu, alikuwa anajiandaa kwenda Hija. Akaja uani kwa Zulekha na watu wake, akaomba radhi kama inavyoombwa, kwa kujua na kwa kutojua. Tulikuwa tumeshafungua midomo tuitike amin. Zulekha alijifuta mikono kwenye leso yake, akamtazama.

"Kwa lipi?" alimuuliza.

Yule bwana alicheka kidogo, akidhani ni utani. Zulekha alikuwa bado anangoja jibu.